Misingi ya kemia inavyofafanua tatizo la floraidi katika maji ya Nakuru

MAJI yakitokota kwa muda wa kutosha, vijidudu vinavyosababisha kipindupindu na homa ya matumbo hufa. Floraidi iliyomo katika maji hayo, hata hivyo, hubaki vilevile, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea katika yale yanayosalia.

Jambo hilo huwatatiza wakazi wengi wa eneo la kati la Bonde la Ufa. Tangu utotoni wamefunzwa kwamba maji yaliyochemshwa ni maji salama, na funzo hilo ni la kweli kuhusu vijidudu. Lakini katika sehemu nyingi za Nakuru, Njoro, Rongai, Gilgil na Naivasha, maji ya visima huja na tatizo la aina nyingine, lisiloonekana kwa macho, lisilo na harufu, na ambalo mnywaji hawezi kulitambua kwa ulimi.

Athari zake huonekana baadaye. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake ya kudumu yanapoumbika, yaani tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8 hivi, huota meno yenye madoa meupe au ya rangi ya kahawia, na pengine yenye vishimo. Hali hiyo huitwa florosisi ya meno. Kiasi kikiwa kikubwa zaidi na kikaendelea kwa miaka mingi, floraidi hujikusanya katika mifupa, viungo vikakauka na mgongo ukapinda.

Kuelewa kwa nini moto haufui dafu mbele ya floraidi, na kwa nini mifupa ya ng’ombe iliyochomwa inaweza kuiondoa, kunahitaji dhana chache tu za kemia ya mwanzo. Makala haya yanazieleza moja baada ya nyingine, kwa mifano ya maziwa, miamba na visima vya eneo hilo.

<b>Elementi na atomi</b>

Kemia ni taaluma inayochunguza vitu vimeundwa kwa nini, vina tabia gani, na hubadilika vipi vinapokutana. Msingi wake ni elementi, yaani kitu ambacho hakiwezi kugawanywa kikatoa vitu vingine sahili zaidi kwa njia za kikemia. Chuma, shaba, dhahabu, oksijeni na kaboni ni elementi. Maji si elementi, kwa kuwa yanaweza kutenganishwa yakatoa haidrojeni na oksijeni.

Hadi sasa wanasayansi wanatambua elementi 118. Mwanakemia Mrusi Dmitri Mendeleev alichapisha mwaka wa 1869 jedwali lililozipanga elementi zilizojulikana wakati huo kwa namna iliyodhihirisha kwamba tabia zao hujirudia kwa utaratibu. Jedwali la leo linalotundikwa katika maabara za shule limetokana na kazi hiyo.

Chembe ndogo kabisa ya elementi inayohifadhi sifa za elementi hiyo huitwa atomi. Katikati ya atomi mna kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya, na nyutroni, ambazo hazina chaji. Nje ya kiini mna elektroni zenye chaji hasi. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua jina la elementi: yenye protoni 1 ni haidrojeni, yenye 8 ni oksijeni, yenye 9 ni florini, yenye 11 ni sodiamu, na yenye 20 ni kalsiamu.

<b>Florini si floraidi</b>

Atomi ya kawaida ina idadi sawa ya protoni na elektroni, hivyo chaji zake husawazishana. Inapopoteza au kupokea elektroni hubaki na chaji, na hapo huitwa ioni.

Florini ni elementi yenye uchu mkubwa wa elektroni kuliko elementi nyingine zinazojulikana kwa mielekeo yao ya kikemia. Ikiwa peke yake ni gesi ya manjano hafifu, yenye sumu kali, inayoshambulia karibu kila kitu inachokigusa. Mfaransa Henri Moissan ndiye aliyefaulu kuitenga mwaka wa 1886, na kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1906.

Gesi hiyo haimo katika maji ya Nakuru. Kilichomo ni floraidi, yaani atomi ya florini iliyokwisha kupokea elektroni 1 zaidi, ikawa na protoni 9 na elektroni 10. Ikishatosheka hivyo, hutulia. Tofauti kati ya florini na floraidi ni mfano wa tofauti kati ya klorini, gesi iliyotumiwa kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kloraidi iliyomo katika chumvi ya mezani.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba ioni ya floraidi si kiumbe hai. Haina uhai wa kupotezwa na joto, wala haivunjikivunjiki majini kwa nyuzi 100 za selsiasi. Kwa sababu hiyohiyo, dawa ya klorini inayotiwa majini kuua vijidudu haiigusi, na kuyaanika maji juani katika chupa hakubadilishi chochote kuhusu floraidi.

<b>Kampaundi na mchanganyiko</b>

Elementi mbili au zaidi zikiungana kwa uwiano maalumu, hutokea kampaundi. Maji ni kampaundi ya haidrojeni na oksijeni, na kila molekuli yake ina atomi 2 za haidrojeni na 1 ya oksijeni. Katika molekuli hiyo, atomi hushirikiana elektroni. Katika chumvi ya mezani, kwa upande mwingine, sodiamu imemwachia klorini elektroni yake, na ioni hizo mbili zikashikana kwa nguvu ya chaji zinazovutana.

Mchanganyiko ni tofauti. Vitu vilivyochanganywa havijaungana kikemia, na uwiano wao unaweza kuwa wowote. Githeri ni mchanganyiko wa mahindi na maharagwe: mpishi anaweza kuzidisha hiki au kile, na mwenye subira anaweza kuvitenganisha punje kwa punje.

Maji ya tope ni mchanganyiko ambao chembe zake huelea. Yakiachwa yatulie, tope huzama. Yakichujwa kwa kitambaa au mchanga, tope hubaki juu. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa udongo mweupe mwepesi uitwao diatomaiti, ambao ni mabaki ya magamba ya mimea midogo mno iliyoishi katika ziwa la kale. Udongo huo una vinyweleo vidogo sana, na hutumiwa viwandani kuchuja vinywaji mpaka vikawa angavu.

Hata hivyo, kichujio cha namna hiyo pekee hakiwezi kuondoa floraidi, kwa sababu floraidi haielei majini kama tope. Imemumunyika.

<b>Mmumunyo na ukolezi</b>

Katika lugha ya kila siku tunasema barafu imeyeyuka na sukari imeyeyuka, lakini katika kemia hayo ni mambo mawili. Barafu inapoyeyuka hugeuka kutoka yabisi kuwa kioevu, na haihitaji kitu kingine ila joto. Sukari iliyotiwa chaini humumunyika: molekuli zake huachana na kutawanyika katikati ya molekuli za maji, hata isionekane tena. Matokeo yake huitwa mmumunyo.

Kiasi cha kitu kilichomumunyika katika ujazo fulani wa kioevu huitwa ukolezi. Neno hilo linatokana na kukolea, kama tusemavyo chai imekolea sukari. Ukolezi wa floraidi hupimwa kwa miligramu katika kila lita ya maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katika Bonde la Ufa, visima vingi huvuka kiwango hicho, na baadhi hukivuka mara kadhaa.

Hapa ndipo hesabu ndogo inapoonyesha madhara ya kuchemsha kupita kiasi. Tuseme mama ameteka lita 2 za maji yenye miligramu 3 za floraidi kwa kila lita. Sufuriani mwake mna miligramu 6. Akiyachemsha mpaka nusu lita ikatoweka kama mvuke, atabaki na lita 1 na nusu. Mvuke ni maji matupu, floraidi haiondoki nao. Zile miligramu 6 sasa zimo katika lita 1 na nusu, na ukolezi umepanda kutoka miligramu 3 hadi 4 kwa lita.

Maana yake si kwamba watu waache kuchemsha maji. Vijidudu huua kwa siku chache, ilhali floraidi hudhuru kwa miaka. Yapasa kuchemsha maji kwa muda unaohitajika tu, sufuria ikiwa na kifuniko, na kutambua kwamba kazi ya pili bado haijafanyika.

Hesabu hiyohiyo ikigeuzwa huleta nafuu. Lita 1 ya maji yenye miligramu 6 ikichanganywa na lita 3 za maji ya mvua yasiyo na floraidi, hupatikana lita 4 zenye miligramu 6 kwa jumla, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Ndiyo sababu maji ya mvua yaliyokingwa kutoka mapaani ni hazina katika eneo hili, hasa kwa watoto wachanga na walio chini ya miaka 8.

<b>Moli, kipimo cha kuhesabia</b>

Miligramu 1.5 ni kiasi kidogo sana. Lakini atomi ni ndogo zaidi, na ili kuzihesabu wanakemia hutumia kipimo kiitwacho moli. Kama vile muuza mayai anavyohesabu kwa trei, mwanakemia huhesabu kwa moli, ila trei yake ina chembe takriban 602 zikifuatwa na sufuri 21.

Faida ya kipimo hiki ni kwamba huunganisha hesabu ya chembe na uzito unaopimika kwenye mizani. Moli 1 ya maji ina uzito wa gramu 18, kiasi kisichofika vijiko vinne vya chai. Moli 1 ya florini ina gramu 19, na ya sodiamu ina gramu 23.

Kwa kipimo hicho, lita 1 ya maji yaliyo kwenye kikomo cha miligramu 1.5 ina ioni za floraidi zipatazo bilioni 47 zikizidishwa mara bilioni 1. Hakuna tundu la kitambaa wala chungu linaloweza kuzichuja moja moja. Lazima zishikwe na kitu ambacho zenyewe zinakipenda, na hilo ni suala la mmenyuko.

<b>Tindikali, alkali na mizani ya pH</b>

Kabla ya kufika huko, ni vyema kuelewa tabia moja zaidi ya maji ya Bonde la Ufa. Vitu vilivyomumunyika majini huweza kuwa tindikali, kama maji ya ndimu na siki, au alkali, kama maji ya jivu na magadi. Tindikali huongeza ioni za haidrojeni majini. Alkali huzipunguza, na kuongeza ioni za haidroksaidi, ambazo ni oksijeni 1 na haidrojeni 1 zilizoungana zikiwa na chaji hasi.

Mizani ya pH, iliyobuniwa na Mdenmark Søren Sørensen mwaka wa 1909, hupima hali hiyo. Maji safi yana pH ya 7. Chini ya 7 ni tindikali, juu yake ni alkali. Kila hatua moja ni mara 10. Ziwa Nakuru, ambalo kwa kawaida lina pH ya karibu 10, lina ioni za haidrojeni ambazo ni takriban sehemu moja tu katika elfu ya zile zilizomo katika maji safi.

Chanzo cha ualkali huo ni chumvi za sodiamu za kaboneti na bikaboneti, ambazo Waswahili wamezijua tangu jadi kwa jina la magadi. Mito huzileta kutoka katika miamba, na kwa kuwa ziwa halina mto unaotoka, maji huondoka kwa kuwa mvuke pekee. Chumvi hubaki, kama floraidi inavyobaki sufuriani. Ziwa Naivasha nalo halina mto unaotoka, lakini maji yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi, na hivyo limebaki kuwa ziwa la maji baridi.

Ukolezi wa Ziwa Nakuru wenyewe si wa kudumu. Maji yake yalianza kupanda karibu mwaka wa 2010, yakafurika sehemu za mbuga ya wanyama na kupunguza ukali wa chumvi. Viumbe vidogo vya kijani vinavyostawi katika maji ya magadi vilipungua, na heroe, ndege ambao wengi huwaita flamingo, wakahamia kwa wingi Ziwa Bogoria kutafuta chakula. Hiyo ni kanuni ileile ya kuchanganya maji ya kisima na ya mvua, ila kwa kipimo cha ziwa zima.

<b>Kwa nini Bonde la Ufa?</b>

Floraidi ya visima vya Nakuru haikutokana na kiwanda wala na uchafu wa binadamu. Eneo hili limejengwa na volkeno, na Menengai inayoinuka kaskazini mwa jiji ni mojawapo. Miamba na majivu yaliyomwagwa na volkeno hizo yana madini yenye florini. Maji ya mvua yanapopenya na kukaa ardhini kwa miaka mingi, huyamumunya madini hayo polepole.

Lakini swali ni kwa nini floraidi hubaki majini badala ya kuganda. Jibu limo katika dhana ya umumunyifu, yaani kiasi cha juu kabisa cha kitu kinachoweza kumumunyika. Lita 1 ya maji huweza kumumunya gramu 360 hivi za chumvi ya mezani. Kalsiamu floraidi ni kinyume: maji safi huweza kumumunya miligramu 16 tu hivi katika lita. Hivyo basi, mahali penye kalsiamu nyingi majini, floraidi hushikana nayo, ikawa yabisi na kuzama kama mashapo.

Maji ya chini ya ardhi ya Bonde la Ufa mara nyingi yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Sodiamu floraidi humumunyika kwa urahisi, kwa hiyo floraidi haina cha kuishika. Hali kama hiyo imeenea katika maeneo mengine ya volkeno, kutoka Bonde la Ufa la Ethiopia hadi miteremko ya Mlima Meru huko Arusha, Tanzania.

Mito ya juu inayoteremka kutoka milimani huwa na floraidi kidogo, kwa kuwa maji yake hayajakaa na miamba kwa muda mrefu. Ndiyo maana majirani wawili, mmoja akitumia maji ya mto na mwingine ya kisima kirefu, wanaweza kuwa na watoto wenye meno tofauti kabisa.

<b>Mmenyuko na uzani usiopotea</b>

Vitu vinapokutana na kugeuka kuwa vitu vingine, tunasema umetokea mmenyuko wa kikemia. Kuni zinapoungua, chuma kinaposhika kutu na maziwa yanapochacha, atomi hupangwa upya. Haziumbwi, wala haziangamii. Mfaransa Antoine Lavoisier aliieleza kanuni hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1789: uzani wa vilivyoingia ni sawa na uzani wa vilivyotoka.

Mfano mzuri uko Ziwa Magadi, kusini mwa Bonde la Ufa katika Kaunti ya Kajiado, ambako magadi yamechimbwa kibiashara kwa zaidi ya karne moja. Magadi ghafi, ambayo wanajiolojia huyaita trona, hupashwa moto ili yatoe magadi makavu yanayotumiwa kutengenezea vioo. Gramu 452 za trona safi hutoa gramu 318 za sodiamu kaboneti, gramu 44 za kaboni dayoksaidi na gramu 90 za maji. Msomaji akijumlisha atapata 452 zilezile.

Kanuni hiyo ndiyo inayotuambia kwamba floraidi haiwezi kutoweka. Kila mbinu ya kusafisha maji lazima ijibu swali: floraidi imekwenda wapi?

<b>Jino na makaa ya mifupa</b>

Jino na mfupa vimejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti ambayo pia hubeba ioni za haidroksaidi. Ioni ya haidroksaidi na ile ya floraidi zinakaribiana kwa ukubwa, na zote zina chaji hasi 1. Kwa hivyo floraidi huweza kumwondoa mwenzake na kukalia nafasi yake.

Mabadilishano hayo yakiwa kidogo, huliimarisha jino dhidi ya tindikali zinazolitoboa. Ndiyo sababu dawa nyingi za meno hutiwa floraidi. Yakizidi wakati jino linaumbika, ujenzi wa tabaka lake la nje huvurugika. Kitu kimoja huwa dawa au sumu kwa kutegemea kiasi chake.

Sasa, ikiwa mfupa ulio mwilini huvuta floraidi, mfupa ulio nje ya mwili nao waweza kufanya hivyo. Mifupa ya mifugo huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo mpaka nyama na mafuta yote yateketee, kisha husagwa kuwa punje. Makaa hayo ya mifupa yakijazwa katika ndoo au tangi, na maji yakapitishwa polepole, floraidi hushikwa humo badala ya kushikwa na meno ya mtoto.

Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilianza kuieneza mbinu hiyo katika eneo hili mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadaye ikashirikiana na watafiti wa taasisi ya maji ya Uswisi, Eawag, kuiboresha. Nchini Tanzania, kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha kimeshughulikia makaa ya mifupa vilevile.

Mbinu hii ina masharti. Mifupa isiyochomwa sawasawa huyapa maji harufu na ladha mbaya. Baadhi ya watu hutaka kwanza kujua mifupa ni ya mnyama gani, na hilo ni suala la imani linalopaswa kuheshimiwa. Zaidi ya yote, nafasi za kushikia floraidi katika makaa zina kikomo. Zikijaa, maji hupita na floraidi yake yote ilhali kichujio kingali kinaonekana kizima. Ndipo makaa yanapopaswa kubadilishwa au kusafishwa kwa alkali kali, na hali hiyo hutambuliwa kwa kupima maji.

<b>Shabu na chokaa</b>

Mbinu nyingine, iliyobuniwa India na kupewa jina la mji wa Nalgonda, hutumia shabu na chokaa. Shabu ni chumvi yenye alumini. Ikikorogwa majini pamoja na chokaa, hufanyiza mabonge laini yanayoivuta floraidi na kuzama nayo. Maji ya juu huteguliwa kwa uangalifu, na mashapo hutupwa mbali na chanzo cha maji. Kipimo lazima kiwe sahihi, kwani shabu ikizidi huacha mabaki yake majini.

Huenda msomaji akauliza kwa nini chokaa peke yake isitoshe, maadamu kalsiamu huishika floraidi. Jibu linatokana na umumunyifu tuliokwisha kuutaja. Miligramu 16 za kalsiamu floraidi zinazoweza kubaki katika lita ya maji safi zina floraidi ipatayo miligramu 8, zaidi ya mara 5 ya kiwango kinachopendekezwa. Kuzidisha kalsiamu huishusha hesabu hiyo, lakini kuifikisha 1.5 kwa chokaa tupu si kazi rahisi.

Tahadhari inafaa pia kuhusu magadi ya kupikia. Wengi huyatia katika mahindi na maharagwe ili yaive upesi, na kazi hiyo huifanya vyema kwa sababu ya ualkali wake. Lakini magadi yaliyookotwa kando ya maziwa ya Bonde la Ufa yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na yakawa njia ya pili ya kuiingiza mwilini.

<b>Yanayomhusu mwenye kisima</b>

Hatua ya kwanza ni kupima. Visima viwili vilivyochimbwa katika kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana, kutegemea kina na tabaka la mwamba, na hakuna mtu awezaye kukisia ukolezi kwa kuangalia bilauri. Matokeo ya maabara yakiletwa, msomaji atafute tarakimu ya floraidi na kuilinganisha na 1.5.

Ikiwa imezidi kidogo, kuchanganya na maji ya mvua huenda kukatosha. Ikiwa imezidi sana, kichujio cha makaa ya mifupa au njia nyingine iliyothibitishwa itahitajika, pamoja na kupimwa tena mara kwa mara. Pale ambapo maji yaliyosafishwa ni machache, yatengwe kwa kunywa na kupikia, na watoto watangulizwe. Kufua, kuoga na kuosha vyombo kunaweza kuendelea kwa maji ya kisima.

Kuchemsha kuendelee kwa ajili ya vijidudu. Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 1, 2021, inazidi kupanuka, na visima vipya vinachimbwa katika mitaa inayochipuka pembezoni mwake. Madoa ya florosisi yakishaingia ndani ya jino hayaondoki kwa mswaki. Mtoto anayezaliwa leo ana takriban miaka 8 ya kukingwa, na muda huo huanza kuhesabiwa kabla jino lake la kwanza la kudumu halijaonekana.